Ndege Iliyogeukia Kushoto

Siku ya kwanza kuripoti kazini nilikabidhiwa randa, msumeno wa meno madogo na kipande cha mninga, nikaambiwa nitengeneze ghala la pamba lenye ukubwa wa sanduku la viatu. Nilidhani napimwa akili. Nilikuwa na cheti cha useremala, nilijua vitanda, milango na madirisha, na mtu mzima aliyevaa shati jeupe ananiagiza ghala la kukaa juu ya meza.

"Na mlango ufunguke," akasema. "Mkulima akija kwenye maonyesho, aufungue kwa kidole chake mwenyewe, aone marobota ndani."

Huyo alikuwa Mkuu wa Kitengo cha Maonyesho katika chama chetu cha ushirika wa pamba, Mhaya mrefu asiyepandisha sauti. Karakana yake ilikuwa Igogo, chumba cha nyuma cha ghala kuukuu, madirisha yakitazama ziwa. Lile ghala dogo nililimaliza kwa siku nne. Aliufungua mlango wake na kuufunga mara tatu, akaenda ofisini kwake akarudi na ufunguo wa kabati la vifaa. Mafundi niliowakuta pale hawakuwahi kupewa ufunguo ule, na mimi nilihakikisha wanauona ukining'inia kiunoni mwangu kila siku.

Nawaeleza haya, vijana, ili mjue kwamba kazi ya namna hiyo ilikuwepo, mtu analipwa mshahara kwa kutengeneza vitu vidogo. Kila mwaka chama kilikwenda kwenye maonyesho ya wakulima, na kila mwaka tulijaza banda zima vitu vya kipimo. Kipimo maana yake ni hivi: ukisema moja kwa hamsini, sentimita moja ya mezani ni sentimita hamsini za kweli, na huruhusiwi kukisia. Jineri, yaani kinu cha kutenganisha pamba na mbegu, niliijenga kwa kipimo hicho ikiwa na madirisha yake yote na ngazi ya chuma ya nje. Watu kutoka Magu na Kwimba waliinama wakachungulia ndani. Mimi nilisimama kando, mikono nyuma, nikisubiri mtu aulize ni nani aliyeijenga.

Niseme ukweli mapema. Mimi ni mtu wa wivu. Si wivu wa mke. Marehemu mke wangu aliishi nami bila kuulizwa alikotoka wala aendako. Wivu wangu ni wa kazi. Fundi mwenzangu akisifiwa, chakula hakinishuki. Palikuwa na mzee mmoja pale karakana aliyejua kupaka rangi ya kutu kwenye bati jipya, na mpaka alipostaafu sikuwahi kumwambia kwamba anajua. Nilimsindikiza hadi getini nikambebea na mzigo wake, lakini hilo neno sikulitoa.

Basi mafundi wakastaafu mmoja baada ya mwingine, hawakuletwa wengine, na nikabaki mimi peke yangu. Ile ilikuwa miaka yangu mizuri.

Kisha zikaja siku za ruksa. Mitumba ruksa, maduka ya watu binafsi ruksa, na mwisho hata pamba, ambayo chama chetu pekee ndicho kilichokuwa kikiinunua, ikawa ruksa kwa yeyote mwenye mizani na lori. Tukaletewa Meneja Mkuu mpya, mfupi, mwenye haraka, anayetembea akiangalia saa. Siku alipotembelea karakana aliitazama jineri yangu kwa muda usiotosha hata kupiga chafya.

"Hii imelala," akasema. "Hao wanunuzi wapya wana maturubai ya rangi na spika za muziki. Nataka kitu kinachopanda juu. Mkulima ainue kichwa!"

"Juu kiasi gani, Meneja?" akauliza Mkuu wa Kitengo kwa upole.

"Juu! Kama ndege!"

Pengine alisema tu. Lakini Mkuu wa Kitengo alikuwa na sanduku chini ya meza yake, aliloachiwa na mwalimu wa kigeni aliyekuwa akifundisha sayansi sekondari kabla ya kurudi kwao. Ndani mlikuwa na majarida ya watu wanaojenga ndege ndogo kwa kujifurahisha, jioni wakitoka kazini, na kila jarida lilikuwa na mchoro mkubwa uliokunjwa katikati. Mlikuwa pia na injini moja halisi, ndogo kiasi cha kupotea ukifumba kiganja, na chupa ya mafuta yake yanayonuka kama zahanati. Mkuu alichagua mchoro wa ndege ya injini moja, yenye bawa juu ya kichwa cha rubani, kwa kipimo cha moja kwa nane. Bawa hilo toka ncha hadi ncha lilikaribia mita moja na nusu.

Nilikaa na mchoro ule siku tatu. Mistari ilipanda juu ya mistari mingine, maneno yote Kiingereza cha mkato. Kiwiliwili cha ndege nilikiona, mkia niliuona, na bawa niliona moja tu. Nilitafuta bawa la pili mbele na nyuma ya karatasi. Nikafikia kuamini kwamba ukurasa mmoja umepotea, na nikamwambia Mkuu hivyo.

Siku ya nne Mkuu akaingia na mwanamke wa makamo, mfupi, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni.

"Fundi Masalu, huyu ni Bi Leokadia. Alikuwa Kitengo cha Mifuko na Sare. Atatusaidia kuivika ndege."

"Kuivika?"

"Mifupa ya mbao, ngozi ya kitambaa. Ndivyo mchoro unavyotaka."

Bi Leokadia alinisalimia vizuri. Alikuwa Mkerewe, sauti yake ndogo. Akausogelea mchoro, akainama, akaufuata mstari mmoja kwa kucha, kisha akasema, "Ahaa. Hili ni gauni."

"Gauni?" nikasema.

"Limechorwa nusu, fundi. Ndivyo tunavyochora. Huwezi kuchora mikono miwili ya gauni wakati inafanana. Unachora mmoja, unageuza karatasi, unapata wa pili. Hapa ni bawa la kushoto. Ukigeuza, la kulia."

Mkuu wa Kitengo akacheka. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akicheka, na sasa alicheka mpaka akafuta macho, akirudia, "Ukurasa umepotea! Ukurasa umepotea!" Bi Leokadia hakucheka. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana angecheka ningepata cha kumchukia kwa haki.

Akaagiza mafuta ya taa, akachovya kitambaa, akaupaka mchoro taratibu. Karatasi ikalainika, ikang'aa, na mistari ikaonekana sawasawa pande zote mbili. Tangu hapo kila kipande cha ndege alikitolea kiolezo chake kwenye karatasi nyembamba, akakipaka mafuta vilevile, akakikata kwa mkasi. Kwenye kila kiolezo aliweka alama ndogo ya chaki. Sikumuuliza ni ya nini. Ningemuuliza ningekuwa mwanafunzi wake.

Habari ya mbao nayo ilikuwa yake. Mchoro ulitaka mti mwepesi mno usiopatikana kwetu. Mimi niliranda mninga mpaka ukawa mwembamba, lakini bado ulikuwa mzito. Wiki moja alikwenda kwao Ukerewe, akarudi na mzigo wa ule mti unaoota majini kandokando ya ziwa, ambao wavuvi huukata vipande na kuvifunga kwenye nyavu viwe vyelezo. Gogo nene kama paja unaliinua kwa vidole viwili. Nilililaani moyoni, maana nimezaliwa na kukulia kando ya ziwa hilihili, nimeuona mti ule tangu nikiwa mtoto, na aliyeufikiria ni fundi cherehani.

Hapo ndipo alipokuja Ofisa Utumishi na faili lake. Alikuwa mtu wa kusema mambo mabaya akiwa anatabasamu. Chama kinapunguza watu, akasema, na Kitengo cha Maonyesho kitabaki na fundi mmoja tu. Huyo atapewa cheo cha Fundi Mkuu. Mwingine atahamishiwa jineri ya mbali huko shamba, kama huko nako kutakuwa na nafasi.

Mkuu wa Kitengo alifikiri siku mbili. Kisha akatuita. "Sitaki kusemwa kwamba nimependelea. Kila mmoja ajenge ndege yake. Mchoro ni mmoja, mti ni mmoja, injini ni moja, itahamishwa kutoka ndege hii kwenda ile. Siku ya maonyesho Meneja Mkuu atajionea."

Bi Leokadia alikuwa mjane, watoto wawili sekondari. Mimi nilikuwa na wanne. Vijana, nawaambia kwa aibu kwamba sikuwaza watoto wake wala wangu. Niliwaza maneno Fundi Mkuu yameandikwa kwa rangi mlangoni, na chini yake jina. Nililiona jina lake pale, nikashindwa kulala usingizi mzuri.

Kujenga ndege ya namna ile huanza na mbavu. Mbavu ni vile vipande vyembamba vinavyolipa bawa umbo lake, mgongo umevimba juu na bapa chini, na lazima zote zilingane, kwa sababu upepo hausamehe ubavu mmoja mnene. Mimi nilizibana pamoja zote kwenye jiliwa na kuzikata kwa mpigo mmoja. Ukipitisha kidole husikii kitu. Mbavu zinavishwa kwenye uti wa bawa, uti unaingia kwenye kiwiliwili, na mbele kabisa unakaa ukuta wa injini, kibao kigumu ambacho injini inafungwa juu yake kwa skrubu nne. Ni hapo kwenye ukuta nilipojiangusha.

Kwenye mchoro ule ukuta ulikuwa umekaa upande. Kidogo tu, nyuzi mbili au tatu, kama mlango ambao bawaba ya juu imelegea. Nilidhani karatasi imevutika kwa mafuta ya taa. Nani anajenga kitu kilichopinda? Miaka yote nilifundishwa kwamba fundi anayeacha kitu upande arudi chuoni. Nikaunyoosha. Niliweka pembemraba, nikaupiga nyuzi tisini kamili, nikajisifu.

Bi Leokadia alivika ndege yake bitana nyembamba za magauni ya mitumba, akazipaka vanishi ya spiriti zikakaza zikawa ngoma. Mimi nilitumia karatasi. Kwa macho, yangu ilikuwa nzuri zaidi. Nasema hivyo leo na ningesema hivyo mahakamani. Viungo vyake huwezi kuingiza ukucha.

Tulizijaribu kwenye uwanja wa wazi upande wa Buzuruga, asubuhi na mapema kabla ya upepo. Ndege hizi hazikuwa na kamba wala redio. Unapima mafuta ya nusu dakika, unaiachia, inapanda, injini inazimika, inateleza yenyewe hadi chini. Mkuu wa Kitengo ndiye aliyefunga injini, maana hakumwamini mtu na zile skrubu. Yangu ikatangulia. Ilipanda vizuri, moyo ukanijaa, kisha ikaanza kuvuta kushoto, kushoto, kushoto, ikazunguka juu ya vichwa vyetu na kutua kwa ubavu kwenye majani.

Mlinzi wetu, Mjita kutoka Majita, akaniuliza kwa huruma, "Fundi, ndege yako imerewa?"

Ya Bi Leokadia ilipanda ikanyooka. Ilikwenda mbele kama mtu anayejua anakokwenda, injini ikazimika, ikashuka polepole hadi karibu na barabara, na wanawake waliokuwa wakienda sokoni wakaweka mizigo chini wakapiga vigelegele. Vigelegele vile bado navisikia. Mkuu alimpa mkono. Mimi nilisema, "Hongera," nikaenda kuiokota yangu majanini.

Mkuu alipokuwa akiifungua injini nilikuwa nimesimama mbele ya ndege ya Bi Leokadia, na kabla mwenyewe hajaifunika pua kwa kitambaa niliona kitu: injini yake ilikuwa upande. Nikajua papo hapo. Ule mpindo haukuwa kosa la karatasi, ndio uliokuwa siri. Lakini ni kulia au kushoto? Siku ile nilipounyoosha sikujali kukumbuka. Kulia kwa ndege ni kushoto kwa anayeitazama usoni, na niliona kwa kufumba na kufumbua. Mchoro wenyewe ulikuwa kabatini kwa Mkuu, ambaye baada ya jaribio alichukua ufunguo wake kwangu ili asisemwe. Kwenda kumwomba ilikuwa sawa na kukiri kwamba niliunyoosha ukuta kwa ujinga. Na mafuta yaliyobaki chupani yalitosha mara mbili tu, moja kwake na moja kwangu, siku ya maonyesho. Hapakuwa na kujaribu tena.

Siku tatu nilipita mbele ya dirisha la Bi Leokadia. Yeye alifanyia kazi chumba cha pembeni, na mlango wake haukuwa na kitasa. Siku ya nne, saa ya chakula cha mchana, wote walikwenda kwa mama ntilie nje ya geti, sangara na ugali. Nikasema tumbo linaniuma. Nikaingia chumbani kwake.

Kiolezo cha ukuta wa injini kilikuwa mezani, peupe, mkasi umewekwa juu yake kisipeperuke. Nikauondoa mkasi, nikaweka karatasi yangu, nikafuata mistari kwa penseli. Niliporudisha mkasi nilijaribu kuuweka kama ulivyokuwa. Jioni hiyo hiyo nilibomoa ukuta wangu ulionyooka nikaweka mpya, upande, kama kiolezo kilivyosema. Nikapaka rangi. Nikavuta pumzi.

Siku ya maonyesho uwanja ulio kando ya ziwa ulijaa. Wanunuzi binafsi walikuwa na spika zao kweli, na kofia za bure. Meneja Mkuu alikaa mbele na miwani ya jua, Ofisa Utumishi pembeni yake na faili. Tukapiga kura ipi itangulie, ikawa ya Bi Leokadia. Ilipopaa, muziki wa majirani ukazimwa. Sikuamini masikio yangu, ukazimwa kabisa, na watu wote wakainua vichwa kama Meneja alivyotaka. Ilipita juu ya mabanda, ikateleza, ikatua kwenye nyasi kwa magurudumu yake.

Injini ikahamishwa. Nikaishika ndege yangu juu ya kichwa, nikasubiri upepo, nikaiachia.

Haikufika hata kimo cha mlingoti wa bendera. Ilijipinda kushoto mara moja, bawa likaelekea chini, ikazunguka duara dogo, na la pili dogo zaidi, ikavuka ukingo na kujichomeka kwenye magugu maji, yale yaliyolifunika ziwa miaka ile. Ulibaki mkia umesimama. Mtu mmoja kwenye banda la majirani akasema kwenye spika, "Poleni ushirika," na uwanja mzima ukacheka.

Niliingia majini na viatu. Nilipogeuka na mabaki mikononi Bi Leokadia alikuwa amefika ukingoni, sketi ameikusanya kwa mkono mmoja. Akaishika pua ya ndege, akaitazama, akaweka kidole kwenye ukuta wa injini. Kisha akasema kwa sauti ambayo mimi tu niliisikia, "Injini inatazama kushoto, Masalu. Mchoro unasema kulia."

Sasa nieleze, maana wajenzi wa leo wanaweza kukosea vilevile. Pangaboi likizunguka kwa nguvu upande mmoja, mwili wa ndege hutaka kujizungusha upande wa pili, na ndege yote huvutwa kushoto. Ndiyo maana mchoraji aliielekeza injini kulia kidogo, ili iirudishe njiani. Nilipounyoosha ukuta niliikosesha dawa. Nilipoupindisha kushoto niliiongezea ugonjwa. Na niliupindisha kushoto kwa sababu kiolezo cha karatasi yenye mafuta kinaonekana pande zote mbili, na mimi nilikuwa nimekinakili kutoka upande wa nyuma. Alama ya chaki niliiona wazi nilipokuwa nakinakili. Mafundi cherehani huiweka chaki upande wa ndani wa kitambaa, ili wasije wakashona nguo ya kuvaliwa nje ndani. Mtoto anayejifunza cherehani wiki ya kwanza anajua. Mimi sikuuliza.

Meneja Mkuu alifika ukingoni akihema. "Nini hiki? Imekuwaje?"

Nilifumba macho. Bi Leokadia akasema, "Upepo wa ziwani, Meneja. Umegeuka ghafla. Hata yangu ingeanguka."

Nilihamishiwa jineri ya shamba kabla mwezi haujaisha. Nilikuwa chini ya Meneja wa Jineri, mtu mwema aliyependa kulala, nikitengeneza milango ya maghala ya kweli na majukwaa ya kupimia pamba. Kila aliyetoka mjini nilimuuliza habari za karakana, nikijifanya sijali. Nikaambiwa jina limeandikwa mlangoni. Nikaambiwa amejenga ndege ya pili, na ya tatu ilionyeshwa kwa mgeni wa wizara. Lakini kilichonitafuna sana hakikuwa ndege zake. Kilikuwa lile neno la upepo. Alinishinda kazini, sawa, akanishinda na kwa utu, mbele ya watu, huku akijua niliingia chumbani kwake kama mwizi. Nilimwonea wivu wa wema. Hiyo ni aina mbaya kuliko zote, maana huwezi hata kumsimulia mtu.

Baadaye chama kilizidiwa na wanunuzi, jineri yetu ikafungwa, na karakana ya Igogo nayo ikafungwa. Bi Leokadia akafungua chumba cha kazi Mabatini. Ilikuwa miaka ambayo ofisi za mawakala wa safari za ndege zilianza kuota Nyamagana, na kila wakala alitaka ndege ya kipimo kaunta, yenye rangi za kampuni yake. Alizijenga. Mimi nikakodi chumba Buzuruga karibu na stendi, nami nikazijenga. Nikienda mjini nilishukia makusudi mbele ya ofisi hizo nizikague ndege zake kupitia kioo. Nikiona kasoro, siku yangu ilikuwa imependeza. Kasoro zilikuwa chache, na nyingi zilikuwa kwenye mbao.

Nimeacha kazi sasa, macho hayaoni tena mstari wa penseli. Mtu akistaafu hukaa akipanga mambo yake kama vifaa kwenye kabati, na kila nilipopanga nilikuta kile kiolezo hakina mahali pa kukaa. Sikutaka kufa nacho. Mwaka jana, baada ya misa ya Jumapili, nikaenda Mabatini.

Nilimkuta kibarazani anachambua mchele, miwani imefungwa kwa uzi. Tulisalimiana, tukaulizana watoto. Wake mmoja ni mhasibu, wangu wawili walimu. Akaniletea chai. Nikakishika kikombe nikasema yote bila kumwangalia: tumbo la uongo, mkasi, penseli, karatasi. Nikasema nimemwonea wivu tangu siku ya gauni. Nikasema nimekuja kumwomba radhi, na kumshukuru kwa neno lile la upepo ambalo sikulistahili.

Kisha akauweka ungo chini.

"Usinishukuru," akasema. "Karatasi ile niliigeuza mimi."

Nikageuka nikamwangalia.

"Uso wake niliulaza chini, nikaweka mkasi juu, nikaenda kula. Nilikuona unavyopita dirishani siku tatu, Masalu. Nilijua utaingia. Na lile neno la upepo nililisema kwa hofu, nisije nikaulizwa mimi."

"Lakini kwa nini? Yako ilikuwa imeruka!"

"Kwa sababu ya mbavu zako." Alivua miwani. "Nilikuwa nachungulia unavyozikata. Mpigo mmoja, zote sawa. Mimi zangu nilizisugua kwa msasa mpaka vidole vikatoka damu, na bado hazikulingana. Nikawa nasema, huyu mtu akiijua siri ya ile injini tu, mimi narudi kushona mifuko. Nilikuwa naumwa kwa wivu. Nilikuwa nikifika nyumbani nashindwa kula."

Ilinipasa nikasirike. Lile jina mlangoni, miaka ya shamba, zile kofia za bure na kicheko cha uwanja mzima. Niliitafuta hasira mahali pote inapokaa, nikaikosa. Kitu kingine kilikuwa kinanipanda kifuani, kitamu, ambacho sikuwahi kukipata siku yoyote ya kazi yangu, wala kwa Mkuu wa Kitengo, wala kwa watu wa Magu walioinama kuchungulia.

"Nisamehe," akasema, sauti ikikatika.

Nikaweka kikombe chini, nikasogeza kiti karibu naye.

"Bi Leokadia," nikamwambia, "hebu rudia pale pa mbavu. Taratibu."